Kabla hujafomati diski ya king'amuzi, rudisha nyuma uone inakwama wapi

Mkuu, swali lako nimelisoma asubuhi nikiwa kibaruani, nikaona nisikujibu kwa mistari miwili ya harakaharaka. Nimefika nyumbani, nimekula, sasa nimekaa.

Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu yuko Sakina, Arusha. King'amuzi chake kinarekodi kwenye diski ya nje ya GB 500. Kurekodi anaona kunakwenda sawa, ila akicheza alichorekodi picha inaganda baada ya dakika kumi hivi, sauti inasogea kidogo halafu nayo inakata, na mara nyingine king'amuzi kinajizima na kuwaka chenyewe. Ameshabadilisha waya wa HDMI, hali ni ile ile. Fundi wa mtaani kwake amemwambia anunue king'amuzi kipya, na wadau wawili humu wamemwambia afomati diski, yaani aipange upya na kufuta vyote vilivyomo.

Usifomati, kaka. Tafadhali sana. Umesema mwenyewe kwamba humo ndani kuna harusi ya mdogo wako iliyoonyeshwa kwenye kipindi, na nakala nyingine huna. Ukishafomati umeweka rehani kitu ambacho huenda ni kizima kabisa.

Anza na hili, halihitaji hata bisibisi. Chagua rekodi moja, icheze mara tatu tangu mwanzo. Kila inapokwama, tazama muda unaoonekana chini ya kioo ukibonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti, uuandike kwenye karatasi: 11:42, 9:15, kama ulivyo. Halafu linganisha. Ikiwa inakwama pale pale mara zote tatu, ubovu umo ndani ya faili au kwenye sehemu ile ya diski. Ikiwa inahamahama, leo dakika ya tisa, kesho ya kumi na nne, faili halina kosa. Kinachosumbua ni usomaji, yaani umeme, waya, diski kuchoka, au king'amuzi chenyewe. Jaribio hili moja linagawa matatizo karibu yote ya rekodi mafungu mawili, na sijapata kuona fundi akilifanya kabla ya kuomba pesa ya kifaa kipya.

Nieleze nilikolipata.

Nyumbani kwetu ni Kibosho, juu ya Moshi mjini. Mwaka 2019 marehemu baba alihojiwa kwenye kipindi cha wakulima. Alikuwa mzee wa kahawa, amekua na habari za KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, tangu utoto, na siku ile alieleza kwa dakika kumi na nne jinsi walivyokuwa wakipeleka kahawa chamani kwa kichwa, jinsi ya kuikausha kwenye vichanja bila kuunguza, na kwa nini migomba na mibuni inapandwa pamoja. Tulirekodi kwenye diski iliyochomekwa nyuma ya king'amuzi cha sebuleni. Baba akafariki 2021. Tangu hapo mama huicheza Jumapili baada ya ibada, akiwa peke yake au na wajukuu.

Mwaka juzi akaanza kunipigia. "Mwanangu, baba yako amekwama tena." Ndivyo alivyokuwa akisema. Wiki ya kwanza dakika ya tano, wiki iliyofuata dakika ya pili, halafu king'amuzi kikawa kinazima taa, kinawaka upya kama kimetoka dukani. Mjukuu akamwita fundi. Fundi akachomeka, akaona ujumbe kwamba diski haisomeki na inahitaji kufomatiwa, kidole chake tayari kiko kwenye OK. Mama hajui fomati ni nini, lakini aliona mwanamume anataka kukubali jambo asilolieleza, akamwambia aache, amsubiri mwanawe. Kwa tahadhari ile ya mama, baba bado yupo kwenye ile diski.

Nilipanda gari la Kibosho jioni, na karatasi. Tukaicheza mara nne mimi na mama. Mara ya kwanza ikakwama 5:08, ya pili 2:51, ya tatu 7:30, ya nne haikufika hata dakika moja. Inahamahama. Nilishusha pumzi, maana nilijua faili lina uwezekano mkubwa wa kuwa zima.

Kisha nikazima televisheni na kuweka sikio karibu na diski. Hii nayo uifanye, mkuu, usiku nyumba ikitulia. Diski nzima inavuma sawasawa, kama nyuki wa mbali. Ile ya mama ilikuwa inavuma, inashuka, inatoa "tik", inaanza upya kupanda. Tik, kimya, kupanda. Sauti hiyo wengi huisikia wakasema diski imekufa. Yaweza kuwa imekufa kweli, lakini diski inayokosa umeme wa kutosha hutoa sauti iyo hiyo, kwa sababu ikishindwa kushika mwendo inarudisha kichwa chake pembeni na kujaribu tena.

Hapa kuna hesabu inayostahili kueleweka. Tundu la USB la kizazi cha pili, ambalo ndilo liko kwenye ving'amuzi vingi, kwa kanuni linatoa nusu ampia. Diski ndogo ya kubeba mfukoni ikishazunguka inaweza kuridhika na hiyo, ila wakati wa kuanza kuzunguka inaweza kutaka ampia nzima kwa sekunde moja au mbili. Volti ya tundu hilo inatakiwa isishuke chini ya 4.75. Na umeme wote huo unatoka kwenye adapta ndogo nyeusi iliyo ukutani, ambayo hapo hapo inakilisha king'amuzi, na kama unatumia dishi inailisha na LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi juu ya paa. Adapta ikiwa mpya, wote wanashiba. Ikizeeka, kapasita zake, vile vipande vinavyotunza umeme, zinakauka kwa joto, umeme unaotoka unakuwa na mawimbimawimbi, na anayekuwa wa kwanza kulalamika ni diski.

Adapta ya mama iliandikwa 12V, 1.5A. Niliichomoa, nikaipima kwa mita ya umeme ikiwa haina mzigo: volti 12.1. Mtu angeishia hapo angesema ni nzima, na ndipo mafundi wengi wanapoishia. Nikafungua kifuniko cha king'amuzi, nikairudisha adapta, nikaweka ncha za mita nyuma ya tundu la umeme kwenye ubao, mama akashika tochi. King'amuzi kikiwa kimewaka bila diski: 11.5. Nikachomeka diski. Namba zikaporomoka mpaka 9 na kitu, zikayumba, taa ya mbele ikazima. Na mita hizi za kawaida ni nzito, zinaonyesha wastani tu, kwa hiyo mporomoko wenyewe ulikuwa mkubwa zaidi ya nilichokiona. Mama naye aliuona kwa macho yake, akauliza, "Kumbe ni njaa tu?" Ni njaa tu, mama.

Angalizo hapa, na nalisema kwa uzito. Nilifungua kile king'amuzi kwa sababu kinatumia adapta ya nje ya volti 12, ambayo haiui. Kama waya wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani ya king'amuzi chako, usikifungue. Humo ndani umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa unafika zaidi ya 300 kwenye kapasita kubwa, na kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Hiyo mwachie anayeijua.

Kesho yake nikanunua adapta ya 12V, 2A mjini Moshi. Volti lazima ziwe zile zile. Ampia zikizidi hazina madhara, zikipungua ndiyo shida. Angalia pia mchoro mdogo wa chanya na hasi kwenye lebo, ufanane na wa zamani, na ncha iingie bila kucheza. Baba akazungumza dakika zote kumi na nne bila kukwama.

Sasa rudi kwako. Umesema king'amuzi kinajizima na kuwaka. Rekodi mbovu mara chache sana ina nguvu ya kuzima king'amuzi. Mara nyingi itakigandisha tu. Kujizima na kuwaka kwa macho yangu ni umeme mpaka ithibitike vingine. Kama huna mita, azima adapta ya jirani mwenye king'amuzi cha aina hiyo hiyo kwa usiku mmoja. Au tafuta habu ya USB, kile kigawanyio cha matundu, yenye adapta yake, diski ichomekwe kwenye habu, habu ndiyo iingie kwenye king'amuzi, ili diski ijilishe yenyewe. Ondoa na ule waya mrefu mwembamba wa kuunganishia kama unao. Waya mrefu unakula volti njiani. Tumia mfupi uliokuja na diski.

Utauliza: kama ni umeme, mbona kurekodi kunakwenda? Kwanza, huna hakika kwamba kunakwenda, mpaka faili ulicheze mahali pengine. Pili, wengi hurekodi king'amuzi kikiwa kimelala, kinaandika tu kinachoingia bila kufungua picha na kuisukuma kwenye televisheni. Ukianza kucheza, kazi inaongezeka, joto linapanda, adapta iliyochoka inaelemewa. Kwa hiyo chukua diski, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu, fungua kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video. Kompyuta ikikuambia diski inahitaji kufomatiwa, kataa. Ving'amuzi vingine huandika kwa mpangilio ambao Windows haiutambui, na diski ni nzima. Ikifunguka, utakuta folda lenye mafaili makubwa, mara nyingi yanaishia na ".ts", na pembeni yake mafaili madogo madogo ya maelezo. Usiyafute hayo madogo wala usibadilishe majina. Nakili folda zima kwanza, kabla ya jambo lolote. Harusi ya mdogo wako ikishakaa sehemu mbili, ndipo uanze ufundi.

Nisimame kidogo kwenye faili la aina hiyo, maana kuna watu humu wamekata tamaa bure baada ya umeme kukatika katikati ya kurekodi. Kwenye orodha ya king'amuzi rekodi inaonekana 00:00, ukiibonyeza haichezi, unaona imepotea. Mara nyingi haijapotea. Matangazo ya dijitali yanakuja kwa pakiti ndogo ndogo za baiti 188 kila moja, na kila pakiti inaanza na alama yake ya utambulisho. King'amuzi kinazipanga kwenye diski jinsi zilivyokuja. Saa moja ya chaneli ya HD ya megabiti 8 kwa sekunde ni GB 3.6, karibu pakiti milioni 19. Umeme ukikatika, kilichokosekana ni lile faili dogo la maelezo ambalo king'amuzi hulimalizia mwishoni. Pakiti zenyewe zimelala pale pale, na VLC inaweza kuanzia yoyote. Video ya simu ya MP4 haina bahati hiyo. Faharasa yake kwa kawaida huandikwa mwishoni, ikikatizwa kabla, kuifungua ni kazi. Ninaye shangazi Pasua aliyeamini kwa miezi minane kwamba kipaimara cha mwanawe kilichoonyeshwa kwenye televisheni kimefutwa na TANESCO kukata umeme. Kilikuwepo chote, kasoro dakika ile ya mwisho.

Sasa fungu la pili, ukikuta inakwama pale pale.

Hapo tazama namna inavyokwama. Kama picha inapasuka vigae vigae, sauti inakwaruza, halafu baada ya sekunde kadhaa inaendelea yenyewe, hayo ni mawimbi yaliyokuwa dhaifu siku ya kurekodi. King'amuzi kiliandika kilichopokea, na kilichopokea kilikuwa na mapengo. Vigae vinakaa kwa muda kwa sababu picha nyingi za dijitali hazitumwi kamili. Inatumwa moja kamili, zinazofuata zinaeleza mabadiliko tu. Moja ikiharibika, zote zinazoitegemea zinaharibika nayo mpaka ije nyingine kamili. Hakuna king'amuzi kipya, diski mpya wala programu ya kurudisha kisichofika. Kwenye rekodi ya baba kuna pengo kama hilo, 9:47, siku ile mvua ya masika ilikuwa imeshika. Anasema, "Mbuni haudanganyi, ukiu..." uso wake unapasuka sekunde nne, kisha anaonekana anacheka. Niliinakili, nikaijaribu kwenye kompyuta mbili na televisheni tatu, 9:47 ni ile ile. Mama anajua alichosema kwa kuwa alikuwa amekaa pembeni yake siku ya mahojiano, na wajukuu wakifika hapo humwangalia yeye, anaijaza.

Kama badala ya kupasuka inaganda kabisa pale pale, taa ya diski inapepesa bila kukoma, na ukiinakili kwenye kompyuta nayo inasimama asilimia ile ile, hilo ni doa kwenye diski. Acha kuicheza. Kila jaribio linaitesa. Nakili yale mengine yaliyo salama kwanza, lile lenye doa liwe la mwisho.

Kuhusu mawimbi dhaifu, ninyi wa Arusha mna Meru, sisi tuna vilima na migomba. Wengi tulihamia dijitali baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine ikafuata, na antena nyingi zilizoko juu ya paa zilifungwa kipindi hicho. Tangu hapo miti imekua. Mjomba alikuwa na dishi lililokaa vizuri miaka mingi, kisha rekodi zikaanza kuja na vigae kila Machi hadi Mei. Akalaumu king'amuzi. Tulipopanda juu tukakuta mparachichi umefika mbele ya dishi. Kiangazi majani makavu yanapitisha kiasi, masika yakilowa yanakata. Tawi moja likamaliza kesi. Angalia na kile kichwa cha waya kinachofungwa kwenye LNB au antena. Kikilegea, maji yanaingia na kushuka ndani ya waya mpaka sebuleni. Ukifunga upya, acha waya utengeneze kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia ndani, maji yadondokee pale.

Na usiangalie mawimbi mchana wa jua tu. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye menyu saa ile ile ya kipindi unachorekodi. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora uko chini, picha itapasuka tu. Ubora ndio wa kutazama.

Mmoja ameuliza hapo juu kwa nini mechi zake zinakatika kipindi cha pili. Ndugu, hiyo karibu ina uhakika ni FAT32, namna mojawapo ya kupanga mafaili kwenye diski. Mpangilio huo hauruhusu faili moja kuzidi GB 4. Kwa ile hesabu ya megabiti 8, unafika hapo kama dakika ya 71 tangu uanze kurekodi. Toa dakika 45 za kwanza na mapumziko ya 15, mechi inakukatikia dakika kumi hivi baada ya kipindi cha pili kuanza. Ving'amuzi vyenye akili vinakata faili vipande na kuvicheza mfululizo; visivyo na akili vinasimama. Nakili vitu vyako, kisha fomati diski ndani ya king'amuzi chenyewe, ukichagua mpangilio mwingine kama kinao. Hapo fomati ina maana, kwa sababu unajua kwa nini unafomati.

Flashi nazo. Saa ya HD inahitaji kuandika takriban megabaiti moja kila sekunde, kitu kidogo sana kwenye karatasi, na flashi yoyote inadai inaweza zaidi. Shida ni kwamba flashi za bei ya chini huandika kwa pumzi: inakimbia, inasimama sekunde moja au mbili kujipanga, inakimbia tena. Kompyuta inavumilia, king'amuzi chenye kumbukumbu ndogo hakivumilii, kinadondosha pakiti. Unapata rekodi inayoruka kila baada ya muda, pale pale, ingawa mawimbi yalikuwa safi. Halafu kuna zile za barabarani zilizoandikwa GB 64 na ndani ni 8. Zinapokea kila unachozipa, zikijaa zinaandika juu ya vya zamani au kutupa. Mtu anarekodi mwezi mzima ndipo agundue. Ipo programu ya bure inaitwa H2testw, ya Windows. Inaijaza flashi yote kisha inaisoma tena na kukuambia ngapi ni kweli. Ijaribu ikiwa tupu, siku unayoinunua.

La saa, maana nimeona malalamiko mawili ya "nimeweka taarifa ya habari, nimekuta kipindi kingine". Angalia umepishana kwa saa ngapi. Zikiwa sita, umeingiza saa za Kiswahili: saa mbili usiku umeandika 2:00, king'amuzi kikaamka saa nane usiku watu wamelala. Andika 20:00. Zikiwa tatu, saa ya king'amuzi iko kwenye GMT yenyewe. Matangazo hutuma saa ya dunia, na king'amuzi ndicho kinatakiwa kuongeza zetu tatu. Nenda kwenye mipangilio, weka +3. Nimemsaidia dada mmoja wa Njiro kwa simu na swali hilo moja tu.

Jambo ambalo linaniuma zaidi kuliko yote haya ni rekodi zilizofungwa. Chaneli nyingi za kulipia hurekodiwa zikiwa na kufuli, na ufunguo uko ndani ya king'amuzi kile kile kilichorekodi. Ukipeleka diski kwenye king'amuzi kingine, hata cha aina hiyo hiyo, utaona jina la kipindi na kioo cheusi. Ukikirudisha king'amuzi dukani wakakupa kipya, ufunguo umeondoka nacho. Vingine hata ukikirudisha kwenye hali ya kiwandani, ufunguo unabadilika. Ndiyo maana nakusihi usikubali kununua kipya kabla ya kujaribu faili lako kwenye kompyuta. Ya baba ilitoka chaneli ya bure, ikafunguka popote. Kama harusi ya mdogo wako ilirushwa kwenye chaneli ya bure, huenda nawe una bahati hiyo. Kama imefungwa, king'amuzi hicho kibovu ndicho mali, kitengenezwe, kisitupwe, na uicheze humo huku ukiitoa kwa waya wa AV, ule wa vichwa vya rangi tatu, kwenda kwenye kifaa cha kurekodi ili ubaki na nakala.

Kioo cheusi chenye sauti, ambacho kinatokea kwenye HDMI tu, jaribu waya wa AV. Ikionekana huko, faili ni zima. Na kama king'amuzi kimekaa juu ya diski, au chini ya kitambaa cha mama cha kufuma, vitenganishe vipate hewa. Nilikuta cha kwetu kimefunikwa vitambaa viwili.

Kwa hiyo leo usiku fanya mambo matatu: cheza rekodi moja mara tatu uandike dakika, sikiliza diski nyumba ikiwa kimya, na usome maandishi ya kwenye adapta yako. Volti, ampia, na miaka uliyoitumia. Kesho ukipata kompyuta nakili folda zima. Lete hizo dakika hapa, nipo kila jioni baada ya saa mbili. Kama inahamahama nitakuelekeza namna ya kuipima adapta bila kufungua chochote.